Amaka Igwe: Mwanamama wa filamu aliyevuna shamba lake mwenyewe

Na Mwandishi Wetu, Karagwe

JUMATATU ya Aprili 28, 2014, mwanamama mwenye umri wa miaka 51 alishikwa na pumu akiwa Enugu, mji mkubwa wa kusini mashariki mwa Nigeria. Alikimbizwa hospitali, lakini mauti yalimkuta njiani. Habari zilipoenea, waigizaji, waandishi wa miswada, watangazaji wa redio na wafanyabiashara wa filamu walijikuta katika msiba mmoja, kwa sababu kila kundi kati ya hayo lilimhesabu marehemu kuwa mtu wake.

Aliitwa Amaka Igwe. Katika uhai wake alikuwa mwandishi, mtayarishaji na mwongozaji wa tamthilia na filamu. Kisha akawa mmiliki wa studio, mwandaaji wa soko la filamu, mlezi wa wanaojifunza fani hiyo na mmiliki wa kituo cha redio. Ni watu wachache barani Afrika, wanaume kwa wanawake, waliopanda ngazi zote hizo za kazi moja bila kuiacha.

Kwa wakazi wa Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, maisha ya mwanamama huyo yanaweza kuelezwa kwa neno moja ambalo kila mwenye shamba la kahawa analifahamu: butura. Mkulima mwenye shida ya ada ya shule, ugonjwa au msiba humwuzia mfanyabiashara kahawa ingali maua au punje changa mtini, tena kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika, aliyepanda na kupalilia hubaki akitazama wengine wakivuna. Serikali na vyama vya ushirika vimeipiga vita biashara hiyo kwa miaka mingi, lakini shida humrudisha mkulima kwenye mlango ule ule.

Sanaa nayo ina butura yake. Mwandishi huuza hadithi kabla wino haujakauka. Mtayarishaji huuza filamu pamoja na haki zake zote kwa malipo ya mara moja, ili alipe madeni ya kamera na chakula cha waigizaji. Filamu hiyo ikiuzwa kwa miaka kumi, faida yote ni ya mnunuzi. Habari ya Amaka Igwe ni habari ya mtu aliyetumia zaidi ya miaka 20 akitafuta namna ya kubaki na shamba lake hadi siku ya mavuno, na kuwafungulia wenzake njia hiyo hiyo.

Binti wa ngoma na maktaba

Amaka alizaliwa Januari 2, 1963, katika familia ya Ene, ya kabila la Waigbo. Jina lake kamili lilikuwa Uzoamaka, ambalo kwa Kiigbo lina maana ya njia njema. Alikuwa na umri wa miaka minne tu vita vya Biafra vilipoanza mwaka 1967, vita vilivyoiteketeza mashariki ya Nigeria kwa takriban miaka mitatu. Kizazi chake kilikua katika eneo lililokuwa likijijenga upya, ambako watu wengi walilazimika kuanza biashara kutoka sifuri.

Alisoma katika shule ya sekondari ya wasichana ya Awkunanaw, Enugu, na huko ndiko kipaji chake kilikoanza kuonekana. Alikuwa akiwafundisha wenzake atilogwu, ngoma ya Waigbo inayochezwa kwa kasi na kuruka sarakasi, yenye kudai nidhamu ya mwili na ya kundi zima. Baadaye alihamia Chuo cha Idia, mjini Benin, kwa masomo ya juu ya sekondari.

Hata hivyo, elimu yake ya chuo kikuu haikuwa ya filamu. Alisomea elimu na masomo ya dini katika Chuo Kikuu cha Ife, ambacho tangu mwaka 1987 kinaitwa Obafemi Awolowo, kisha akachukua shahada ya uzamili katika taaluma ya maktaba na habari katika Chuo Kikuu cha Ibadan. Kwa mtazamo wa haraka, mkutubi na mtengeneza tamthilia ni watu wa dunia mbili tofauti. Lakini kazi ya mkutubi ni kuhakikisha kwamba kila kitabu kina rekodi yake na mahali pake, na anayekitaka anajua akitafute wapi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na daftari ndilo jambo ambalo biashara ya filamu ya Nigeria ilikuja kulikosa kuliko kitu kingine chochote.

Tamthilia ya urithi

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, televisheni nchini Nigeria ilikuwa imekwisha kuwa chombo cha umri mkubwa. Kituo cha kwanza kilianza Ibadan mwaka 1959, na mwaka 1977 serikali ya kijeshi iliviunganisha vituo vya majimbo chini ya Mamlaka ya Televisheni ya Nigeria, NTA. Kwa kulinganisha, Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na chake tangu miaka ya 1970.

Uchumi wa Nigeria, kwa upande mwingine, ulikuwa umeyumba. Tangu mpango wa kurekebisha uchumi ulioanza mwaka 1986, thamani ya naira ilishuka vibaya, na NTA haikuwa tena na fedha za kutengeneza tamthilia zake yenyewe kama zamani. Watayarishaji binafsi walipewa nafasi ya kuleta kazi zao, lakini kwa sharti gumu: wao ndio watafute wadhamini, walipie muda wa matangazo, walipe waigizaji, na wakabidhi kipindi kilichokamilika. Aliyeshindwa kumshawishi mwenye sabuni au mwenye kinywaji atangaze bidhaa yake katikati ya kipindi, alirudi nyumbani na mswada wake.

Hapo ndipo Amaka Igwe alipoingia na tamthilia ya Checkmate, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1991. Ilikuwa hadithi ya Ann Haatrope, binti anayeachiwa jukumu la kusimamia biashara kubwa ya familia, huku akizungukwa na ndugu, washirika na maadui wanaoitolea macho mali hiyo. Sehemu hiyo iliigizwa na Ego Nnamani, aliyekuja kujulikana kama Ego Boyo. Richard Mofe-Damijo aliigiza Segun Kadiri, na Francis Agu naye alikuwa miongoni mwa nyota wa tamthilia hiyo.

Watazamaji waliipenda kwa mapenzi na visa vyake. Chini ya visa hivyo, hata hivyo, kulikuwa na swali lililomgusa kila mwenye familia: mzazi akifumba macho, nani ataishika mali, na je, binti anaweza kuilinda mbele ya wanaume wanaodhani hana haki nayo? Mwandishi mwenyewe alikuwa katika mapambano ya aina hiyo hiyo. Mwanamke kijana aliyekuwa na kipindi chake katika televisheni ya taifa alilazimika kujadiliana na wadhamini, mafundi na maofisa wa kituo, wengi wao wanaume, na kuhakikisha kwamba mwisho wa mazungumzo kazi inabaki kuwa yake. Hakuwa wa kwanza. Lola Fani-Kayode alikwisha kutangulia katika miaka ya 1980 na tamthilia ya Mirror in the Sun. Lakini waliokuwa wakipita njia hiyo walikuwa wa kuhesabika.

Mwaka 1993, Checkmate ikiwa katika kilele chake, Amaka aliolewa na Charles Igwe, ambaye naye alikuja kuwa mtu wa biashara ya filamu. Ndoa hiyo, iliyojaliwa watoto watatu, iligeuka pia kuwa ubia wa kazi.

Chifu Fuji na wake zake

Dalili ya kwanza kwamba mwanamama huyo alijua thamani ya alichokuwa nacho ilionekana katika mhusika mmoja wa pembeni. Ndani ya Checkmate alikuwamo Chifu Fuji, mzee mwenye wake wengi, watoto wengi na kelele zisizokwisha, aliyeigizwa na Kunle Bamtefa. Watazamaji walimpenda kupita kiasi. Mwandishi aliyeuza hadithi yake butura angeishia kumtazama mnunuzi akimfanyia mhusika huyo apendavyo. Amaka Igwe alimchukua Chifu Fuji, akamjengea nyumba yake na kumpa kipindi chake cha vichekesho kilichoitwa Fuji House of Commotion.

Kipindi hicho kilianza mwaka 2001 na kiliendelea kwa miaka mingi. Wake wakubwa na wake wadogo waligombea bajeti ya jikoni, watoto waligombea nafasi ya kulala, na baba mwenye nyumba aligombea heshima ambayo hakuna aliyekuwa tayari kumpa bila masharti. Wanigeria waliyaona humo maisha ya majirani zao, na kwa siri maisha yao wenyewe. Kwa mtu wa Afrika Mashariki aliyezaliwa katika nyumba ya mitala, hakuna ambacho kingehitaji tafsiri.

Kati ya kazi hizo mbili aliandaa nyingine za televisheni, zikiwamo Solitaire na Now We Are Married. Katika zote alifahamika kwa kusisitiza mswada ulioandikwa ukakamilika na mazoezi kabla ya kamera kuwashwa, wakati ambapo baadhi ya watengeneza filamu walikuwa wakiingia mahali pa kazi na wazo kichwani tu, wakimaliza filamu nzima kwa wiki moja au mbili.

Kanda za video na wenye maduka

Wakati Checkmate ikiendelea kuonyeshwa, jambo kubwa lilitokea katika masoko ya Nigeria. Mwaka 1992 mfanyabiashara wa vifaa vya elektroniki, Kenneth Nnebue, alitoa filamu ya Kiigbo ya Living in Bondage katika kanda za VHS. Iliuzwa kwa wingi usiotarajiwa. Watu walikuwa wameacha kwenda kwenye majumba ya sinema kwa kuhofia usalama usiku, na filamu za selulosi zilikuwa zimepanda bei kiasi cha kutogusika. Kanda ya video ilileta sinema sebuleni.

Kilichofuata ndicho dunia ilichokuja kukiita Nollywood. Ripoti ya UNESCO iliyotolewa mwaka 2009 ilionyesha kwamba mwaka 2006 Nigeria ilitengeneza filamu 872, ikiwa ya pili duniani kwa idadi baada ya India iliyotengeneza 1,091, na mbele ya Marekani iliyotengeneza 485. Filamu zote hizo za Nigeria zilikuwa za video.

Amaka Igwe aliingia katika soko hilo akiwa tayari na jina. Mwaka 1995 alitoa Rattlesnake, hadithi ya kijana Ahanna, aliyeigizwa na Francis Duru, ambaye baba yake anafariki na baba mdogo anajitwalia mali pamoja na mjane. Kijana huyo aliyeporwa urithi anaishia katika ujambazi. Mwaka uliofuata alitoa Violated, filamu ya mapenzi ya watu wa tabaka mbili tofauti, akiwatumia tena Ego Boyo na Richard Mofe-Damijo. Filamu hizo mbili zilihesabiwa miongoni mwa kazi bora za kipindi hicho kwa ubora wa picha, sauti na uigizaji. Baadaye alitengeneza pia A Barber's Wisdom, chini ya mradi wa kituo cha M-Net cha Afrika Kusini wa kuinua waongozaji wapya.

Lakini soko hilo lilikuwa na wenyewe. Fedha, kanda tupu na njia za usambazaji vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Idumota mjini Lagos na wa mji wa Onitsha, mashariki. Wao ndio waliotoa mtaji, wakaamua hadithi ipi itengenezwe na nani aigize, na wakabaki na hesabu ya nakala zilizouzwa. Mtayarishaji aliambiwa tu kwamba filamu imefanya vizuri au imefanya vibaya. Nguvu ya wafanyabiashara hao ilidhihirika mwaka 2004, walipowafungia kwa muda waigizaji kadhaa wenye majina makubwa, akiwamo Richard Mofe-Damijo, wakidai kwamba malipo yao yamezidi mno.

Nyuma ya wafanyabiashara walikuwapo maharamia, waliorudufu kanda siku chache baada ya kutoka na kuziuza kwa bei nafuu. Kwa njia hizo halali na haramu filamu za Nigeria zilivuka mipaka. Zilifika Afrika Mashariki katika VHS, kisha VCD na DVD, zikajaza vibanda vya video mijini na katika miji midogo. Nchini Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Karagwe na Kyerwa, wasimuliaji walikaa na kipaza sauti wakiifasiri filamu moja kwa moja huku watazamaji wakicheka, na mtindo huo ukaenea hadi Tanzania. Kiingilio kililipwa mlangoni, lakini hakuna sehemu yake iliyorudi kwa aliyeiandika hadithi.

Waigizaji wa Tanzania nao waliifuata njia ya Lagos. Hayati Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 7, 2012, alishirikiana na Wanigeria katika filamu kadhaa, zikiwamo Dar to Lagos na Devil Kingdom, ambamo aliigiza na Ramsey Nouah. Pamoja na mafanikio hayo, wingi wa watengeneza filamu wa Tanzania wa wakati huo waliuza kazi zao kwa wasambazaji kwa mkupuo, haki zote zikiondoka pamoja na kanda.

Soko, shule na redio

Wapo waliokabiliana na hali hiyo kwa kulalamika, na wapo waliohama fani. Amaka Igwe alitazama mahali mnyororo wa biashara ulipokatika, akajenga kipande kilichokosekana.

Kipande cha kwanza kilikuwa studio. Kupitia kampuni yake, Amaka Igwe Studios, alikuwa na vifaa na mafundi wake mwenyewe, hivyo hakulazimika kumpigia magoti mwenye kamera kila alipotaka kuanza kazi.

Cha pili kilikuwa soko. Yeye na mumewe walikuwa nguzo ya BOBTV, maonyesho ya kila mwaka ya filamu na vipindi vya televisheni vya Afrika yaliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 mjini Abuja. Huko watayarishaji walikutana na vituo vya televisheni, mabenki, wanasheria na wanunuzi kutoka nchi nyingine. Msanii aliyezoea kujadili bei peke yake katika duka la Idumota alipata mahali ambapo mnunuzi zaidi ya mmoja angeweza kuitazama kazi yake. Mkulima wa kahawa anaelewa tofauti hiyo: mnunuzi akiwa mmoja anatangaza bei, wakiwa kumi wanashindana.

Cha tatu kilikuwa elimu. Mwalimu aliyesomea ualimu hakuusahau, na alianzisha kituo cha mafunzo ya filamu na vyombo vya habari. Kwa kweli, seti zake zilikuwa shule kabla ya shule yenyewe kujengwa. Ego Boyo, aliyeanza akiwa binti mwenye kulinda mali katika Checkmate, alianzisha kampuni yake ya Temple Productions na kuwa mtayarishaji. Richard Mofe-Damijo aliendelea kuwa nyota na pia akateuliwa kuwa kamishna wa utamaduni na utalii katika Jimbo la Delta.

Kipande cha nne kilikuwa mawimbi ya hewani. Mtayarishaji asiye na kituo ni kama mwenye mazao asiye na barabara. Anategemea huruma ya mwenye gari. Amaka Igwe aliingia katika utangazaji na kumiliki Top Radio, iliyosikika Lagos katika masafa ya 90.9 FM, na katika miaka yake ya mwisho alikuwa akijenga mtandao wa chaneli za televisheni. Wakazi wa Kayanga na vijiji vya jirani, walioshuhudia redio jamii ya FADECO ikizaliwa miongoni mwao, wanajua kazi ilivyo nzito: kibali, mnara, umeme, mafundi na mishahara, vyote kabla ya sauti ya kwanza kusikika.

Njia hiyo haikuwa ya mteremko. Kumiliki studio, shule na redio ni kumiliki pia madeni, jenereta na malalamiko ya wafanyakazi. Muda alioutumia kutafuta wadhamini na kuandaa maonyesho ulikuwa muda ambao hakuutumia kuandika, na orodha ya filamu zake ni fupi kuliko ya watu wengi wasiomfikia kwa kipaji. Hiyo ndiyo gharama aliyolipa. Msanii anayetaka kuvuna mwenyewe hana budi kuwa pia mlinzi wa shamba, karani wa mizani na dereva wa lori, na kila kazi kati ya hizo humnyang'anya saa za kalamu.

Hesabu ya taifa

Serikali ya Nigeria ilimtambua mwaka 2011 kwa nishani ya MFR, miongoni mwa nishani za taifa. Lakini utambuzi mzito zaidi ulikuja kwa njia ya takwimu, tena akiwa bado hai. Aprili 6, 2014, Nigeria ilitangaza hesabu mpya za pato la taifa, zilizokuwa hazijarekebishwa ipasavyo tangu mwaka 1990. Katika hesabu hizo mpya, filamu na muziki vilihesabiwa kama sekta inayoonekana, na uchumi wa nchi hiyo ukaipita Afrika Kusini na kuwa mkubwa kuliko wote barani.

Kwa miaka zaidi ya 20 watengeneza filamu walikuwa wakiajiri maelfu ya watu bila kuonekana katika vitabu vya serikali. Siku walipoandikwa, Amaka Igwe alikuwa amebakiza wiki tatu za kuishi.

Hadithi yake haikuishia kaburini. Januari 2, 2020, siku ambayo angetimiza miaka 57, kampuni ya Google iliweka mchoro wa kumkumbuka katika ukurasa wake wa kwanza. Mwaka huo huo ilitoka filamu mpya ya Rattlesnake, miaka 25 baada ya ile ya kwanza, ikiongozwa na Ramsey Nouah, yule yule aliyewahi kuigiza na Kanumba. Kabla ya kamera kuwashwa, kampuni iliyoitengeneza ilipata kwanza haki za hadithi hiyo.

Hapo ndipo penye uzito wa maisha yake yote. Kijana Ahanna wa katika hadithi aliporwa urithi na baba mdogo. Hadithi yenyewe haikuporwa. Mwandishi wake akiwa amefariki miaka sita, ilikuwa bado ina jina lake, ina thamani, na aliyeitaka alilazimika kubisha hodi.

Somo kwa wenye vipaji

Katika miaka iliyofuata, simu ya mkononi ilimwezesha kijana wa Omurushaka, Nkwenda au Kayanga kupiga picha za ubora ambao studio nyingi za mwaka 1991 zisingeuota. Kamera ilikoma kuwa kizuizi. Kizuizi kilichobaki ni kile alichopambana nacho mwanamama wa Enugu: mkataba usiosomwa, kazi isiyosajiliwa, na njaa ya leo inayouza mavuno ya kesho.

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyozaa chombo cha kusimamia haki hizo, COSOTA, na mwaka 2013 serikali ilianzisha stempu za kodi katika kazi za filamu na muziki ili kuzibana nakala bandia. Sheria na stempu ni uzio. Uzio haumzuii mwenye shamba aliyeamua kuuza maua.

Haitakuwa haki kumlaumu msanii mwenye mtoto mgonjwa kwa kuuza filamu yake kwa mkupuo, kama isivyo haki kumlaumu mkulima wa Kyerwa aliyeuza kahawa changa ili binti yake asifukuzwe shule. Butura haitokani na ujinga. Hutokana na ukosefu wa pa kukimbilia. Ndiyo maana jibu la Amaka Igwe halikuwa mahubiri. Lilikuwa studio, soko, darasa na redio, yaani mahali pa kukimbilia.

Wazazi wake walimwita Uzoamaka, njia njema. Wengi waliopita baada yake katika filamu na televisheni za Nigeria, wanawake hasa, waliikuta njia hiyo imekwisha kufyekwa.